Santuri ya Lugembe

Nurdini hakuwa mtu wa maneno mengi, na hilo ndilo lililomponza.

Kibanda chake cha fundi redio kiko Gongoni, Tabora mjini, kati ya duka la mitumba na meza ya muuza asali. Redio zilimpa mlo. Santuri zilimpa jina. Alizikusanya tangu ujana wake, na katika santuri zote alizipenda zaidi zile za soul, za Wamarekani weusi wanaoimba kama watu wanaoomba na kugomba kwa pamoja. Usiulize zilifikaje Tabora. Mji huu ni njia panda tangu enzi za misafara: pembe zilipita, chumvi ikapita, wakapita watu wenye minyororo shingoni, kisha reli ikaja kufuata nyayo zilezile. Kila apitaye huacha kitu. Walimu wa kujitolea na watu wa reli waliacha visahani vyeusi, na watoto wa mjini wakavirithi bila kujua ni vitu gani.

Nurdini alijua. Santuri ikiletwa kwake hakukimbilia kuipiga. Aliishika kingoni kama mtu anavyoshika chapati ya moto, akatoka nayo mlangoni, akaiinamisha juani mpaka mwanga uteleze juu ya mistari yake. Hapo mikwaruzo yote ilijitaja. Ndipo akaipa daraja kwa maneno yake mwenyewe: bikira, safi, imecheza, imechoka, kigae. Halafu akaiangalia ile sehemu laini inayozunguka lebo, mahali ambapo sindano hufikia wimbo ukiisha. Santuri za chapa ya kwanza huwa na namba zilizochorwa pale kwa mkono na fundi wa kiwandani. Lebo inaweza kuchapwa upya, na wimbo unaweza kunakiliwa, lakini ule mwandiko ukikosekana, santuri ni mtoto wa kambo. Ya kwanza inaweza kutafutwa na watu wa nchi tatu. Nakala yake haimnunulii mtu hata ndoo ya mahindi. Wanunuzi wa Dar es Salaam na Nairobi hawakuwa na haja ya kubishana naye. Nurdini akisema safi, ni safi.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Lugembe, Msukuma wa Igunga aliyekuja mjini angali kijana akawa mchukuzi wa mizigo stesheni. Alikuwa mtu wa mabavu na kicheko, mwimbaji wa kanisani, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kusahau. Yeye hakuwa mkusanyaji. Alikuwa na santuri moja tu. Mwalimu mmoja wa Kimarekani, siku ya kuondoka Tabora, alimwona Lugembe amekataa ujira wa kubeba sanduku lake, akafungua mkoba akampa santuri ndogo. Aliyeimba ni mwanamke ambaye dunia haikumsikia wakati wake. Zilichapwa chache, nyingi zikatupwa, na miaka ilipopita wakatokea watu wa ng'ambo wanaoitafuta kama almasi. Lugembe hakujua hayo, na alipoambiwa hakuyajali. Alijua tu kwamba wimbo ule ndio aliompigia Kabula, binti wa Nzega, jioni ile alipokwenda kumwambia anataka kumwoa. Hakujua Kiingereza, Kabula naye hakujua, na kila mmoja aliuelewa.

"Fundi," alikuwa akimwambia Nurdini, "hii siku nikifa nizikwe nayo."

"Utazikwa nayo, itaoza?"

"Ioze na mimi."

Basi Lugembe akaugua. Ulikuwa ugonjwa wa utumbo kujisokota. Alianza kushika tumbo asubuhi akipakua magunia ya mpunga, na kabla ya adhuhuri alikuwa analia kama mtoto. Alipasuliwa, hakupata nafuu, ikasemwa apelekwe hospitali kubwa Mwanza akapasuliwe tena. Kabula alikuwa ameshauza mbuzi, ameshauza mahindi yaliyokuwa ghalani kwenye shamba lao la Itetemia, ameshauza cherehani yake. Akamfuata mumewe wodini akamtajia santuri. Lugembe, midomo imemkauka, akamwambia heri afe.

Kabula alitoka pale akaenda moja kwa moja Gongoni. Alikuwa ameizungushia kitenge kama mtoto mchanga.

"Shemeji, nisaidie kuiuza hii."

"Lugembe amekubali?"

"Lugembe amesema heri afe. Mimi sitaki afe." Akaiweka mezani. "Iuze, na unitafutie nyingine inayofanana nayo niirudishe kabatini."

Nurdini aliitazama ile santuri. Alikuwa ameishika mara nyingi kwa mikono ya rafiki. Leo ilikuwa mara ya kwanza kuishika kwa mikono ya biashara. Akatoka nayo juani. Ilikuwa safi, ila mkwaruzo mmoja mwembamba kwenye ubeti wa pili, na pembeni mwa lebo ule mwandiko wa mkono, namba na kinyota kidogo. Hakuwahi kuona nyingine, na hajaona nyingine mpaka leo.

Akampigia simu mnunuzi wa Nairobi. Yule mtu hakuamini masikio yake. Alikuja mwenyewe, na katika mkoba wake alileta nakala mpya ya wimbo uleule, lebo ya rangi ileile, aliyopewa Kabula kama nyongeza. Kabla ile ya kwanza haijaondoka, Nurdini aliomba aipige mara ya mwisho. Kabula alisimama mlangoni, mgongo umewageukia. Wimbo ulipoisha akajifuta uso kwa upindo wa khanga, akasema, "Haya, ichukueni."

Mnunuzi alipokwishaondoka, Kabula alibaki.

"Shemeji, niapie."

"Nikuapie nini?"

"Kwamba hatajua. Wewe unamjua. Akijua nimeuza kile kitu naye alinikataza, atapona tumbo na kuugua moyo. Niapie kwa Mungu wako, kwa sababu najua wa kwako unamwogopa."

Nurdini akaapa. Aliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba siri ile haitatoka kinywani mwake, Kabula awe hai au amekufa. Neno la mwisho alilitaka Kabula mwenyewe.

Lugembe alipasuliwa Mwanza akapona. Alirudi amekonda, suruali inamzunguka kiunoni, lakini kicheko kilikuwa kilekile. Krismasi ilipofika akamwalika Nurdini na mkewe Asmahani, na baada ya wali akaitoa santuri yake, akaipiga kwenye kinanda cha zamani alichotengenezewa na Nurdini. Alisikiliza amefumba macho. Ghafla akayafumbua.

"Mbona pale kwenye ubeti wa pili haikwaruzi?"

Kabula alikuwa anakusanya sahani. Mikono yake ikasimama.

"Niliisafisha," Nurdini akasema. "Ulipokuwa wodini. Kabula aliniletea nikaisafisha."

Lugembe akainuka akamkumbatia mpaka kofia ikamdondoka. "Mnaona? Huyu ndiye rafiki! Mimi nakufa, yeye ananisafishia wimbo wangu!"

Kabula akaingia na sahani jikoni, hakurudi kwa muda.

Miaka ikaenda. Siri ile ikatulia kati ya wawili wanaoijua kama jiwe chini ya maji. Lugembe aliacha kazi ya kubeba, akawa mkulima Itetemia, pembezoni mwa mji. Binti yao wa pekee, Suzana, akaolewa Usinge, kule Kaliua karibu na misitu. Kisha Kabula akafa, kwa presha, akipalilia karanga. Alizikwa palepale shambani. Kaburi lilikuwa la udongo na msalaba wa mti, na masika ya kwanza yakalibomoa, ya pili yakalisawazisha karibu na matuta. Lugembe alikuwa akienda kila jioni kulirudishia udongo kwa jembe.

Siku moja asubuhi, watu wakiwa wengi mtaani, alifika kibandani Gongoni amevaa shati la kanisani. Alikuwa na mtu nyuma yake, kijana mtanashati aitwaye Shigela, anayezunguka na treni kutoka Dar mpaka Kigoma akinunua santuri za zamani.

"Mwangaluka, fundi!" Lugembe alisalimu kwa lugha ya kwao, uso unang'aa.

"Mwangaluka, ndugu yangu. Leo kuna harusi?"

"Zaidi ya harusi." Akaifungua khanga ya Kabula, akaiweka santuri mezani. "Nimeamua. Kabula hawezi kulala kwenye udongo unaoyeyuka kama sukari. Nataka nimjengee kaburi la saruji, na marumaru juu, na jina lake. Wimbo huu ulikuwa wake. Basi na umjengee nyumba. Bwana Shigela yuko tayari. Amesema ataamini neno lako tu, hakuna lingine."

Nurdini akairudishia khanga juu ya santuri. "Usiuze," akasema.

"Nini?"

"Ulisema uzikwe nayo. Usiuze. Kaburi tutajenga, tutachangishana."

Lugembe akacheka. "Nichangiwe kaburi la mke wangu na mimi nina mali? Ipime, fundi. Itoe pale juani kama unavyofanya, watu waone."

"Mpelekee mwingine aipime. Mimi ni rafiki yako, haifai."

"Mwingine nani Tabora hii?"

Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika: muuza asali, mwenye mitumba, wanawake wawili waliokuwa wanapita na vikapu. Shigela naye alikuwa ameshaichukua santuri, anaigeuzageuza. Hakuwa mjinga. Aliiangalia pembeni mwa lebo, akainua uso.

"Mzee Nurdini, hapa mimi sioni mwandiko. Hebu niambie kama macho yangu yananidanganya."

Nurdini aliishika. Hakutoka nayo juani. Hakuwa na haja. Angeweza kusema uongo, na Shigela angekwenda nayo mpaka kwa mnunuzi wa ng'ambo na kurudi nayo na polisi, na Lugembe ndiye angeshikwa. Angeweza kusema kweli yote, mbele ya wapita njia, kwamba marehemu aliuza alichokatazwa na kumdanganya mumewe mpaka anakufa. Kati ya hizo ilibaki njia moja nyembamba, akaipita.

"Si ya kwanza," akasema. "Hii ni nakala."

"Nakala ya nini?" Lugembe aliuliza. Bado alikuwa anatabasamu, kama mtu aliyeambiwa mzaha usiokolea.

"Imechapwa miaka ya karibuni. Haina thamani, Lugembe."

"Nilipewa na yule mwalimu kwa mkono wake. Wewe mwenyewe uliniambia, tukiwa vijana, ndani ya kibanda hiki hiki, ukanionyesha namba na kinyota. Ulisema hujawahi kuona nyingine."

Nurdini aliirudisha santuri mezani.

"Haijawahi kutoka nyumbani mwangu," Lugembe akaendelea, polepole, kama anayepapasa gizani. "Haijatoka ila mara moja. Ilitoka nilipokuwa wodini." Tabasamu likamwondoka. "Ulisema uliisafisha."

"Lugembe..."

"Kumbe uliisafisha kweli!"

Wale wanawake wenye vikapu wakashika midomo. Nurdini alifumbua kinywa. Alikuwa na maneno ya kutosha mle kifuani kujaza soko zima, lakini yote yalipitia mlango mmoja, na mlango ule alikuwa ameufunga kwa jina la Mungu.

"Sema basi!" Lugembe alipiga kelele. "Sema si wewe! Nitakuamini, wallahi nitakuamini, sema tu si wewe. Sema ni nani."

Nurdini akainamisha kichwa.

Lugembe hakumpiga, ingawa kila aliyekuwapo alidhani atampiga. Alikunja ile khanga taratibu, akaitia mfukoni, akaiacha santuri mezani, akaondoka. Shati la kanisani lilikuwa limemlowa mgongoni.

Habari za mji mdogo hazihitaji redio. Kabla ya alasiri zilikuwa zimefika nyumbani. Asmahani alimsubiri mumewe mlangoni.

"Baba Nassibu, hukuichukua wewe."

"Ilikuwa kwangu."

"Sikukuuliza ilikuwa wapi. Nimelala na wewe miaka yote hii, ningejua kama nimelala na mwizi. Unamficha nani?"

Nurdini akavua kofia, akaikunja mkononi. Asmahani alimtazama sana, kisha akaketi kwenye kizingiti. "Basi nyamaza," akasema. "Lakini ujue unatunyamazisha wote. Mimi sokoni, mwanao kazini kwake. Wote tumeiba."

Nurdini akafanya kosa ambalo mtu mwema hulifanya akiwa na haraka ya kutuliza moyo wake. Alinunua saruji na mchanga, akatafuta mwashi, akapeleka vyote Itetemia bila kumwambia Lugembe. Lugembe aliwakuta shambani, mwashi ameshaanza kupima kwa kamba. Akaitazama saruji, akamtazama Nurdini.

"Mpaka leo nilikuwa na shaka," akasema. "Nilikuwa najiambia, labda, labda. Sasa umenionyesha. Mtu asiye na deni halipi." Akashika mfuko mmoja, kwa mikono ile ya uchukuzi ambayo uzee haukuimaliza, akaupasua kwa jembe na kuumwaga mtoni, pale shamba linapoishia. "Usimguse mke wangu kwa mali yake mwenyewe."

Mwaka ule ule akauza shamba. Sehemu ya kaburi aliibakiza, akaijengea uzio wa miti, akaenda kuishi Usinge kwa Suzana.

Nurdini hakulala vizuri tena. Mwisho alikwenda kwa shehe akamuuliza, bila kutaja majina, kama kiapo kinaweza kuvunjwa. Shehe akamweleza kwamba mtu akiapa kisha akaona kheri iko katika kukivunja, na akivunje, atoe kafara kwa kulisha maskini. Nurdini akalisha maskini. Asmahani alipika sufuria baada ya sufuria bila kuuliza, na siku ya pili yake mumewe alipanda gari la Usinge na neno lake tayari mdomoni.

Suzana alimpokea uani. "Shikamoo, baba mdogo," alisema, kwa mazoea, halafu akaona aibu kwa kusema.

"Marahaba, mwanangu. Mzee yupo?"

Lugembe alikuwa nyuma ya nyumba, anasuka kamba ya kitanda. Alikuwa amezeeka ghafla. Hakumfukuza. Mila za kwao haziruhusu kumfukuza mtu aliyesafiri. Alimwekea kigoda, akaagiza ugali na mlenda, wakanawa katika beseni moja. Lugembe alimwita "mgeni". "Mgeni, ongeza mboga." Neno lile lilimchoma Nurdini kuliko mwizi.

"Lugembe," akaanza, walipokwisha kula. "Nimekuja kukuambia kweli."

"Kweli gani tena?" Lugembe hakuinua macho kutoka kwenye kamba. "Mimi sina hasira na wewe siku hizi. Ilinichosha. Nimekaa huku nikahesabu watu wote niliowapenda. Baba yangu alinidanganya kuhusu ng'ombe. Ndugu zangu walinidanganya kuhusu shamba la Igunga. Wewe, nisiseme. Nikaona duniani nilipewa mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kunidanganya hata siku moja, naye amelala Itetemia." Akavuta kamba ikakaza. "Huyo mmoja ananitosha. Nikiamka asubuhi namshika huyo. Haya, sema kweli yako."

Kuku walikuwa wanadonoa makombo karibu na miguu yao. Nurdini alimtazama rafiki yake: mishipa ya shingo, kovu la upasuaji likichungulia pale shati lilipokosa kifungo. Kovu lile ndilo alilolinunua Kabula. Nusu ya kweli ilikuwa imeandikwa juu ya tumbo la Lugembe, naye hakujua kuisoma.

"Nilikuja kuomba msamaha," Nurdini akasema.

"Kwa kuichukua?"

Upepo ukapita juu ya miti ya msitu. "Ndiyo," akasema Nurdini.

Lugembe akatikisa kichwa, akaendelea kusuka. "Nimekusikia. Kusamehe siwezi. Lakini nimekusikia." Na gari la kurudi lilipopiga honi barabarani, hakuinuka kumsindikiza.

Lugembe alikufa kiangazi kilichofuata. Nurdini aliambiwa na dereva, maziko yamekwishapita. Alikwenda Usinge hivyo hivyo, pamoja na Asmahani. Wanaume wa ukoo waliokaa matanga chini ya turubai walimwona akija, wakageuza viti vyao. Asmahani akaingia kwa wanawake. Suzana mwenyewe akatoka kumpokea Nurdini, khanga imefungwa kiunoni, macho yamevimba. Uso wake ulikuwa wa Kabula kabisa.

"Baba alituachia neno," akasema kwa sauti ya chini. "Alisema usiitwe, na usikanyage kaburi lake."

"Basi nitarudi."

"Ngoja." Akatazama nyuma kwenye turubai. "Baba mdogo, mimi nilikuwa binti mkubwa wakati ule. Nakumbuka mama aliuza mpaka cherehani, na bado haikutosha. Kisha ghafla ikatosha. Sikuwahi kuuliza." Machozi yakamtoka. "Nikikuuliza leo utanijibu?"

Nurdini aliuona mlango, uko wazi, na mtu wa kupita naye. Kafara alishaitoa. Lugembe hayupo wa kuumia. Lakini nyuma ya mlango ule alikuwa amelala Kabula, chini ya udongo unaoyeyuka, na aliyesimama mbele yake alikuwa mtoto wake.

"Mama yako alikuwa mke mwema kuliko wote niliowajua," akasema. "Hilo ndilo jibu langu, mwanangu. Usiniulize zaidi."

Suzana akajifuta uso kwa upindo wa khanga.

"Kaburi liko nyuma ya mihogo," akasema. "Mimi naingia jikoni. Sijakuona."

Nurdini akaenda. Udongo ulikuwa bado mbichi na mashada ya karatasi yalikuwa hayajapauka. Alichuchumaa, akanyoosha mikono apate kumwombea mtu asiye wa dini yake, hakujua aanzie wapi. Aliwaza jinsi njia ilivyo ndefu kutoka Usinge mpaka Itetemia, misitu na mito ya mchanga kati ya mke na mume, wakati kama si yeye na neno lake wangelala bega kwa bega shambani kwao. Hapo akalia, mzee mzima, kwa sauti, mpaka Asmahani akaja akamshika mkono.

Katika gari la kurudi alikaa dirishani. Asmahani alimwegemea begani. Siku hizi watu wakimletea santuri azipime, huwaambia macho yameshindwa. Redio bado anatengeneza.